Choo Kina Giza

Klik. Ni sauti ndogo ya swichi ya taa, lakini nikiisikia ikitoka chooni moyo hunishuka mpaka kwenye visigino. Wiki iliyopita mwanangu Mwadime, ambaye ana miaka mitatu na kimo cha mtungi wa gesi, aligundua kwamba akipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa anaifikia swichi. Klik. Kisha akaniita kutoka huko gizani. Mimi humsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza kama watoto wote wa jengo letu hapa Weston, Toronto. Kwa Kiingereza chake hicho akanitangazia, taratibu kabisa, kwamba choo kina giza.

Nilimpigia kelele. Zile za mama anayeogopa mtoto ataanguka mnazijua. Hizi hazikuwa hizo, hizi zilikuwa za mwendawazimu. Mtoto akalia, nami nikalia, na jirani wa chini akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio, maana hapa ukuta ni karatasi na kila mtu ni jaji.

Sasa ninyi mnaosoma, kaeni vizuri, niwaeleze kwa nini mwanamke mzima analizwa na taa ya choo.

Baba alikufa nikiwa bado nanyonya. Mama akaniacha Wundanyi kwa mama mkwe wake, akaja Kanada kutunza wazee wa watu. Kwa hiyo aliyenilea ni Nyanya, mpaka nikafika umri wa kung'oka meno ya mbele. Wundanyi ni baridi, ukungu unaingia jikoni kama mgeni asiyebisha hodi. Kila jioni Nyanya alifukia kaa la moto ndani ya majivu, na asubuhi akalifukua, akalipuliza mpaka likaamka. Kiberiti kwake kilikuwa ni ufujaji. Taa ya chemni nayo ilizimwa pindi tu mtu akishaona kitanda kiko upande gani. "Umeshaona? Basi zima." Hiyo ndiyo ilikuwa sala yetu ya usiku.

Nilipofika Toronto nikamkuta Mama, mwanamke niliyemjua kwa picha, naye ana sala ileile. Alikuwa ameitoa kwa Nyanya akaihamishia kwenye umeme. Ukitoka chumbani, zima. Ukitoka chooni, zima. Mkono wangu ulijifunza kuzima kabla miguu haijajifunza kupanda ngazi za umeme bila kuogopa.

Mama alimtunza mama mmoja Myahudi, mjane, kwenye fleti ya Mtaa wa Bathurst. Alikuwa akiitwa Bi Malka. Mwili wake ulikuwa mdogo, lakini miguu ilikuwa imevimba kana kwamba ameazima ya mtu mwingine. Nyusi alizichora kwa kalamu, na siku mkono ukitetemeka alikuwa na sura ya kushangaa kutwa nzima. Watoto wa shule wakiniuliza nyanya yangu anaishi wapi, nilisema Bathurst. Mbona mnaniangalia? Wa Wundanyi alikuwa sauti kwenye simu, inayokatika. Wa Bathurst alikuwa na biskuti.

Jikoni kwake kulikuwa na sheria nyingi kuliko mahakamani. Sufuria za maziwa zilibandikwa utepe wa buluu, za nyama utepe mwekundu, na hazikutani hata kwenye sinki. Mama alizishika sheria hizo vizuri kuliko watoto wa Bi Malka mwenyewe. Mimi nilikuwa na tabia ya kuchanganya vijiko, na Bi Malka alikuwa akinitazama na kusema, "Huyu ataniozesha ng'ombe na mtoto wake kwenye sufuria moja."

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa Juni, na ilikuwa Shavuot yake ya kwanza, ile sikukuu ya Kiyahudi, tangu mumewe azikwe. Mama alipaswa kulala huko siku zote mbili za sikukuu, na kwa kuwa hapakuwa na wa kuniachia, akanichukua.

Njiani ndani ya basi aliniinamia sikioni. Jana yake usiku baba mdogo alikuwa amepiga simu kutoka Wundanyi: Nyanya amekataa chakula. Watu wa kanisani walikuwa wamemtafutia Mama tiketi, na Mama akaisogeza mbele mpaka sikukuu ya Bi Malka ipite.

"Usimwambie Bi Malka habari za Nyanya. Umesikia?"

"Kwa nini?"

"Ana msiba wake. Mtu mwenye msiba humwongezei wako. Usimwambie."

Nikaapa. Niliapa kwa uhai wa huyohuyo Nyanya, maana ndicho kiapo kikubwa nilichokijua.

Mlango ulipofunguka, harufu ikatupokea: siagi, jibini laini, mdalasini, na juu yake harufu ya majani mabichi, kana kwamba mtu amefyeka kichaka sebuleni. Bi Malka alikuwa amemwagiza mwenye duka la maua alete matawi, na matawi yamefungwa kwenye viti, kwenye rafu za vitabu, hata kwenye picha ya marehemu. Alinieleza kwamba Mungu alipowapa Wayahudi Torati, Mlima Sinai, uliokuwa jangwa tupu, ulichanua. Ndiyo maana ya majani. Na maziwa? Akasema walipopewa sheria za nyama siku ile, sufuria zao zote zikawa haramu ghafla, basi wakala vya maziwa. "Wengine wana sababu za kisomi," akasema. "Mimi naamini hii ya sufuria. Aliyeitunga alikuwa mwanamke aliyechoka."

Mama akasema kwetu sikukuu hiyo ni Pentekoste. Bi Malka akamjibu kwamba Pentekoste ni Shavuot iliyohama nyumba bila kuaga. Wakacheka wote wawili. Nilipenda walivyokuwa wakicheka.

Kulikuwa na vichapati vyembamba vilivyokunjwa, ndani vina jibini tamu. Alivipa jina refu la kwao, mimi nikamwambia hizo ni chapati za maji, Nyanya hupika, ila hazina kitu ndani. "Basi Nyanya yako ni mtu wa maana," akasema. "Mwambie aweke jibini." Mama akainamia sinki.

Alinieleza pia kwamba wenzake hukesha usiku kucha wakisoma, eti kwa sababu mababu walipitiwa na usingizi asubuhi ileile ya kupewa Torati, ikabidi waamshwe. Na kabla ya hapo, walipoulizwa kama wanaitaka, walikubali kuifanya kabla hawajasikia imeandikwa nini. Nikamwambia Nyanya angewaita wajinga, maana kwetu huweki kidole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa. Bi Malka alicheka mpaka nyusi moja ikafutika.

"Ukipenda," akasema akijipangusa, "masikio huja nyuma ya miguu."

Sikuelewa. Niliongeza chapati.

Asubuhi ya sikukuu nilikwenda chooni, na nilipomaliza, mkono wangu ukafanya ulichofundishwa. Klik.

Nilirudi sebuleni nikamkuta Bi Malka ameshika fimbo yake, anaelekea huko nilikotoka. Akafika mlangoni, akasimama. Akageuka.

"Choo kina giza," akasema.

Nikamwambia ndiyo, nimezima.

"Naona. Kina giza sana."

Nikasema ndiyo tena. Tukabaki tunatazamana kama kuku wawili mbele ya punje moja. Mama akatoka jikoni mbio, akaniambia, "Washa! Washa haraka!" Nikauliza kwa nini hakuniambia tu niwashe. Ndipo nikapewa somo. Siku za sikukuu Bi Malka hawashi taa wala hazimi. Zilizowashwa kabla jua halijatua huachwa zikiwaka mpaka sikukuu iishe. Jikoni mwali mmoja wa jiko ulikuwa umeachwa hai kwa sababu hiyohiyo, na chochote kilichotaka moto kilipewa kutoka kwake. Hilo nililielewa mara moja: ni kaa la Nyanya, ila la gesi. Lakini pia hakuruhusiwa kumwamuru mtu amwashie. Alichoruhusiwa ni kusema hali ilivyo. Choo kina giza. Sebule ina joto. Anayesikia, akitaka, atainuka. Asipotaka, hakuna aliyekosa.

"Na kama mtu haelewi?" nikauliza.

"Basi," akasema akipita kwa heshima zote kuelekea chooni, "tunakojoa gizani kama mababu zetu jangwani."

Mama akamalizia kwa Kiswahili, akinifinya sikio kidogo, "Mwenye macho haambiwi tazama."

Nilidhani nimepewa mchezo mpya. Asubuhi yote nilisema hali ilivyo. Sahani yangu haina keki. Kiti hiki ni kigumu. Bi Malka alifurahi mno. Mama hakufurahi sana.

Baada ya chakula cha mchana Bi Malka akavaa miwani, akachukua kitabu chake. Alisema habari za Ruthu husomwa sinagogi siku ya pili, lakini miguu yake haifiki sinagogi na yeye mwenyewe hana subira. Akawa anasoma kwa Kiebrania kisha ananisimulia kwa Kiingereza chake kizito kilichotoka Ulaya. Mama alikuwa jikoni akipasha vichapati juu ya ule mwali, mlango wazi.

Mnaijua hadithi. Mama mkwe amefiwa na mume na wana, hana kitu, anarudi kwao kwa miguu. Wakwe zake wawili, wajane, wanamsindikiza. Anawaambia warudi. Mmoja anagoma, anafuatana naye mpaka nchi asiyoijua. Huyo ndiye Ruthu. Bi Malka alisema anasomwa Shavuot kwa sababu mavuno yanayotajwa humo ni ya msimu huu, na kwa sababu alijitwika Torati bila kulazimishwa na mtu.

"Na yule mwingine?" nikauliza.

"Orpa. Alimbusu mama mkwe, akalia, akaenda zake."

"Alikuwa mbaya?"

"Hapana, mtoto. Alifanya ambacho watu hufanya."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sahani. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo, ulikuwa kama nguo iliyokamuliwa. Mimi nikadhani ni kwa sababu ya Nyanya, na kwamba kama Bi Malka angejua tu, angesema kitu, maana yeye alikuwa na jibu la kila kitu. Lakini nilikuwa nimeapa sitamwambia. Nikafikiri. Nikaona njia, tena njia halali, ya kidini kabisa. Sikumwambia. Nilisema tu hali ilivyo.

"Nyanya yangu wa Wundanyi hali chakula tena."

Nilisikia mwali wa gesi ukipumua jikoni.

Bi Malka akavua miwani. Hakunitazama mimi. "Ni mama yako?"

"Ni mkwe," Mama akasema.

"Tangu lini hali?"

"Si kitu. Nitakwenda sikukuu ikiisha. Tiketi iko."

"Nimekuuliza tangu lini."

Mama akaanza kulia bila kuiachia sahani. Akasema yule mama ndiye aliyemwambia aende, nenda utafute, mtoto niachie. Akasema alimbusu pale stendi ya Voi na hakugeuka nyuma. Akasema ni miaka yote hiyo anawageuza wengine vitandani ili wasipate vidonda, na yule wa kwake anageuzwa na majirani.

Bi Malka akafunga kitabu. Akalipapasa jalada. Kisha akaanza kusema hali ilivyo.

"Leo siwezi kushika simu," akasema. "Naona tu kwamba yako iko kwenye mkoba." Akakisukuma kitabu pembeni. "Ndege hazisherehekei Shavuot."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Bi Roza wa mlango wa pili huja kila jioni."

Hapa ndipo nawaomba mnisikilize. Bi Roza alikuwa ameondoka jana yake. Tulipanda lifti tukakutana naye akishuka na masanduku, anakwenda kwa mwanawe kwa sikukuu. Mimi ndiye niliyemshikia mlango wa lifti, akanipa peremende, na karatasi ya hiyo peremende ilikuwa bado mfukoni mwangu. Mama alijua. Mimi nilijua. Bi Malka alijua kwamba tunajua, maana sisi wenyewe ndio tuliompelekea salamu za Bi Roza za kuagana. Lakini sentensi ilikuwa imekwishasemwa, imekaa katikati ya sebule kama kiti, na Mama akaikalia. Nani angekataa kukaa? Alikuwa amechoka kusimama.

Akapiga simu ofisi iliyomwajiri, wakamwambia mtu wa zamu atafika asubuhi ya kesho. Akapiga kuhusu tiketi, akapata ndege ya jioni ileile. Akampangia Bi Malka dawa, akamwekea maji karibu, akamfunikia chakula. Akaingia chooni kunawa uso na kuchukua mswaki wake. Akatoka.

Klik.

Niliisikia. Wala sikugeuza kichwa. Kwetu hiyo ndiyo sauti ya kuondoka. Mkono wa Mama ulipita juu ya ile swichi kama ulivyokuwa ukipita juu ya nywele zangu kila asubuhi, yeye mwenyewe akiwa mahali pengine kabisa.

Bi Malka alinibusu kipajini. Mlangoni akamwambia Mama, "Mwambie aweke jibini kwenye chapati." Mama akacheka huku analia. Tukashuka.

Nililala kwa Anti Sabina wa kanisani, aliyekaa ghorofa ya chini yetu. Kesho yake nilikuwa mezani na uji wangu simu ilipolia, na Anti ni mtu ambaye hajui kusema polepole. "Alianguka? Chooni? Usiku kucha! Eti taa ilikuwa imezimwa? Maskini, si angeiwasha tu, ni swichi tu!"

Kijiko kilibaki mdomoni. Mimi nilijua kwa nini hakuiwasha. Katika mji mzima ule, mtoto mmoja wa Kitaita alijua kwa nini bibi wa Kiyahudi aliingia gizani na fimbo yake wakati swichi iko usawa wa bega. Hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba choo kina giza.

Nyonga ilivunjika. Hakurudi tena kwenye ile fleti. Yale matawi, alisema mtu wa zamu, yaliachwa yakakaukia kwenye viti.

Na Mama? Alifika. Nyanya alimjua. Alikula uji kutoka mkononi mwake, vijiko vichache, akaupapasa uso wake kama anayetafuta kitu alichokidondosha. Juma halikwisha, akazikwa karibu na Baba. Watu wa Wundanyi mpaka leo husema yule mama alimsubiri mkwe wake. Kama ningenyamaza, angemsubiri bure.

Basi mtoto wa miaka tisa akakaa chini akafanya hesabu. Nimetoa mguu wa nyanya mmoja, nimepata vijiko vya uji vya nyanya mwingine. Niliifanya mbele na nyuma. Kama ningefunga mdomo, mmoja angetembea. Nilipoufungua, mmoja alikula. Nani alinituma kupima? Na kwa nini hakuna mtu mzima aliyeona kwamba napima? Walikuwa wakiniambia, "Kula, mbona umekonda?"

Mama aliporudi alikwenda kwanza kwenye makao ya wazee walikompeleka Bi Malka, kabla hata ya kufungua sanduku. Nilikuwa naye. Bi Malka alikuwa amelala kwenye kitanda cha chuma, hana nyusi. Nilishtuka. Bila zile nyusi hakuwa anashangaa tena kitu chochote.

Mama akapiga magoti. "Bi Malka, ile taa..."

"Taa gani?"

"Ya chooni. Ni mkono wangu. Nimeikumbuka ndani ya ndege, nilitaka kumwambia rubani ageuze..."

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta."

"Alikula?"

"Uji. Kidogo."

"Basi," akasema Bi Malka, akafumba macho, "mimi nimeshiba."

Mama alikwenda kumwona kila Jumapili baada ya kanisa, miaka, bila kutumwa na ofisi yoyote. Kila Shavuot alimpelekea keki ya jibini kutoka duka lao, maana ya jikoni kwetu isingepokelewa, na tawi moja la kijani alilolichuma kando ya Mto Humber. Mwanzoni niliandamana naye. Nilipofika sekondari nikaacha. Nilisema pananuka. Jumapili akirudi, Mama alikuwa akivua viatu na kusema, kama anayesemea ukuta, "Bi Malka ameuliza umefika darasa la ngapi." Au, "Leo alikuwa ameweka biskuti mbili." Nami nilikuwa na masikio, na niliyaelekeza kwenye televisheni. Siku moja Mama akarudi na biskuti zote mbili kwenye leso, akaziweka mezani, hakusema hali ilivyo. Hapakuwa na haja, nilijua kile kitanda cha chuma kimebaki kitupu.

Watu wameniambia yote. Mshauri wa shule alisema ulikuwa mtoto, si kosa lako. Mchungaji alisema ni mipango ya Mungu. Anti Sabina alisema wazee huanguka. Mnajua nini? Yananiudhi yote. Nataka wa kulaumiwa! Niambieni ni nani, nikamgongee mlango. Binti wa Bi Malka alikuwa Vancouver, mbali, naye alikuwa na mgonjwa wake. Mama alimwacha mama mkwe ili amtunze mama wa yule binti. Majirani wa Wundanyi walimgeuza Nyanya, na nani alibaki na mama zao? Kila mwanamke katika hadithi hii alikuwa akishika kiuno cha mama wa mwenzake, wake akiwa peke yake gizani. Nikimlaumu mmoja, natakiwa kuwalaumu wote, na nikiwasamehe wote, mbona bado nasikia klik?

Nilichelewa sana kuelewa jambo moja tu, na si kubwa. Nilidhani zile sentensi za Bi Malka ni ujanja wa kukwepa sheria. Leo naona ulikuwa ni upole. Anayeamriwa hana lake. Anayeambiwa tu hali ilivyo anaachiwa mlango wazi, aingie kwa miguu yake mwenyewe. Hakumfukuza Mama aende Wundanyi. Hakumwomba abaki. Alimwekea uongo mmoja mdogo mahali pa kukalia, akajua gharama yake, akaulipa kwa nyonga. Na Mama hakwenda kule kwenye makao ya wazee miaka yote ile kwa hatia peke yake, kama nilivyokuwa nikidhani kwa dharau ya kitoto. Yule aliyembusu mmoja akaenda zake, kwa huyu wa pili aligoma kuondoka.

Sasa Mama anakaa Malton, peke yake, anafunga maboksi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, zamu ya alfajiri. Tangu Pasaka hatujaonana. Alikuja kwangu, baba yake Mwadime akiwa ameshachukua nguo zake na kwenda, akatazama huku na huku, akasema, "Nyumba yako ina kimya siku hizi." Nikalipuka. Nikamwambia kama unataka kunisema niseme usoni, sema, toa mdomoni, nimechoka na mafumbo yako! Akachukua mkoba wake. Niliisikia lifti ikimshusha.

Hakuwa ananisema. Nililijua hilo wiki iliyopita, nimekaa sakafuni mlangoni pa choo na mtoto anayelia kwa kwikwi kifuani, taa nimeshaiwasha tena, natazama ndoo yake iliyopinduliwa. Alikuwa ananiambia kwamba amesikia kimya changu. Alikuwa anauliza kama aje.

Tukiwa bado pale sakafuni simu ikalia. Ni yeye.

"Huku kunanyesha," akasema.

"Hata huku."

"Mm." Nikamsikia akiburuta kiti. "Nimepika pojo. Za nazi. Sijui nilikuwa nawaza nini, nimepika sufuria nzima kama nina harusi."

Zamani ningesema weka kwenye friji.

Aliendelea kueleza, habari za nazi za siku hizi zisizo na tui, habari za magoti yake na zile ngazi. Sikusikia mengi. Simu nilikuwa nimeibana kwa bega, na Mwadime alikuwa ameshavaa kiatu kimoja, ananinyooshea mguu wa pili.

Mlangoni mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kuelekea swichi ya choo. Nikaurudisha mfukoni. Tulishuka tukaiacha taa inawaka.